Anayeshikilia Tuta

"Tazama hao ng'ombe," alisema Sudhakaran, akiwakodolea macho watu waliojazana gatini mwa mji wa Alappuzha. "Wamekuja kutafuta utulivu, wanalala wamebanana kama dagaa!"

Jua lilikuwa linazama. Boti za kulala watalii zilipangana ubavu kwa ubavu, kila moja na jenereta lake na muziki wake, na moshi wa dizeli ukachanganyika na harufu ya samaki wa kukaanga. Sudhakaran, mhadhiri wa chuo huko Kottayam, hakuwa mtu wa kwenda waendako watu. Alikuwa amechagua nyumba ya mjane mmoja, mbali ndani ya mifereji, ambako mgeni hulala kama jamaa. Mkewe Ambily alitaka boti. Hakuulizwa.

Mwenye mtumbwi aliyewapeleka huko aliwashusha na mabegi yao, akageuza chombo haraka. Hata chai hakunywa.

Nyumba ilikaa juu ya tuta jembamba la udongo. Upande mmoja mto. Upande wa pili mashamba ya mpunga, yako chini kuliko maji ya mto. Tuta likipasuka, kila kitu kimekwisha. Mjane, Thressiamma, aliwapokea kwa kunong'ona.

"Karibuni, wanangu. Mle, mlale. Ila sauti iwe chini."

"Kwani kuna mgonjwa, Mama?" aliuliza Sudhakaran.

"Tuta linasikia."

Sudhakaran alichekea puani, akamgeukia mkewe na kusema kwa Kiingereza kwamba ushamba hauna dawa. Thressiamma alielewa kila neno. Akaenda zake jikoni kupakua mchuzi wa bata.

Walipomaliza kula, Ambily aliinua kichwa.

"Baba Nithya... mbona hata chura halii?"

"Si ndicho tulichokifuata? Kimya."

Lakini hapakuwa kimya kabisa.

Chwi... chwi... chwi...

Maji yalikuwa yanapenya mahali fulani chini ya baraza. Ikaja harufu ya tope bichi, na ndani yake jasho la mtu.

"Bwana mkubwa..." Sauti ilitoka chini, ya kuchoka, ya adabu. "Maji yanapita. Njoo unishikie kidogo."

"Nenda kalale, mlevi we!" alifoka Sudhakaran. "Tembo limekupanda kichwani!"

"Mgongo umechoka, bwana."

Thressiamma alitoka mbio, akamziba mdomo kwa kiganja kinachonuka vitunguu.

"Usimjibu," alinong'ona. "Huyo ni Azhakan. Mtumwa wa shamba, zama za babu yake marehemu mume wangu. Tuta lilipasuka usiku wa mvua, wakamwambia aingie kwenye ufa, azuie kwa mgongo, wao wanaleta udongo."

"Wakauleta?" aliuliza Ambily.

"Wakauleta. Wakammwagia yeye. Walimwahidi watarudi kumpokea zamu."

Sudhakaran aliusukuma mkono wa mjane. "Watalii wa boti mngewatisha kwa hayo. Mimi nina akili." Akashika tochi, akateremka ngazi huku akipaza sauti: "Haya, wewe! Nakuja kukushikia!"

Mwanga ulipiga ukuta wa tuta. Palikuwa na ufa, na ndani ya ufa palikuwa na mgongo.

Mgongo tu. Mweusi, umelowa, mishipa imetuna, ukisukuma.

"Bwana ameitika," ilisema sauti, kama mtu anayetaka kulia kwa shukrani.

Ambily alisikia ukelele mmoja. Mfupi. Walipomfikia, Sudhakaran alikuwa amepiga magoti, mikono yote miwili imezama topeni hadi mabegani, shavu limebanwa udongoni. Hakuwa akihangaika kujitoa.

Alikuwa anasukuma.

Wanawake wale wawili walimvuta mpaka kucha zao zikatoka damu. Alipochomoka, tope lilijifunga taratibu nyuma yake. Mgongo haukuwapo tena.

Ndipo vyura wakaanza. Mmoja, kumi, shamba zima.

Thressiamma alipiga ishara ya msalaba. "Tangu niolewe hapa," alisema, "sijawahi kuwasikia." Akamtazama Sudhakaran kwa huruma. Kisha, kabla hajajizuia, kwa kitu kilichofanana na furaha.

Walirudi Kottayam asubuhi. Sudhakaran hakumdharau mtu tena. Alimwamkia mfagizi wa barabara, akampisha kila mtu mlangoni, akala mwisho. Majirani walimsifia.

Mvua za masika zilipoanza, Ambily alirudi kutoka sokoni jioni moja, akakuta nyumba tupu na mlango wa nyuma wazi. Alichungulia dirishani. Mumewe alisimama uani, kifua wazi, mgongo ameukandamiza kwenye ukuta wa nyumba ya jirani. Miguu ilikuwa imechimba ardhi hadi vifundoni. Ukuta ulikuwa mkavu. Nyuma yake, hata hivyo, kitu kilikuwa kinavuja.

Chwi... chwi...

"Baba Nithya?" aliita.

Aliinua macho, akatabasamu kwa unyenyekevu ambao Ambily hakuwahi kuuona katika ndoa yao yote.

"Bibi mkubwa," alisema taratibu. "Samahani kwa usumbufu. Hakuna mtu humo ndani wa kunipokea?"

Ambily alifunga dirisha, akaketi sakafuni, akaziba mdomo wake mwenyewe kwa mikono miwili ili asimjibu.