Jicho na Mashine ya Chupa

Kiwandani walimwita Jicho. Kazi yake ilikuwa kukagua chupa. Zilipita mbele ya taa, naye akazitoa zenye ufa. Kando yake alikaa rafiki yake, Mrefu, akifanya kazi hiyohiyo.

Asubuhi moja meneja alitangaza kuwa inakuja mashine ya kukagua chupa kwa kamera. Anayetaka kujifunza kuiendesha ajiandikishe.

Jicho akaangua kicheko. "Kamera! Hiyo ni ya kupigia picha za harusi!"

Wenzake wakacheka mpaka wakashika mbavu.

"Tusijisumbue," Mrefu akasema.

Hakuna aliyejiandikisha.

Jioni Jicho alimsimulia mkewe. Jirani yao, fundi wa mitambo katika kiwanda kingine, alikuwepo. Yeye hakucheka.

"Shemeji, kwetu ilishakuja. Haichoki wala haisinzii. Waliobaki ni wale waliojifunza kuisafisha, kuirekebisha na kuionyesha ufa ni upi."

"Na wengine?"

"Walimwaga unga. Nenda kajiandikishe kesho. Na wenzako uwaambie."

"Baba watoto, punguza ubishi," mkewe akaongeza.

Jicho alijiandikisha, lakini kimyakimya. Aliona haya kuwaambia watu aliowachekesha. Kila jioni alimuaga Mrefu getini, kisha akarudi kiwandani kwa mlango wa nyuma, kwenye darasa la mashine.

Mashine ikaja. Jicho akapewa kazi ya kuiendesha. Mrefu na wenzake wakaambiwa wafunge virago. Watoto wa Jicho waliendelea na shule. Wa Mrefu walirudishwa nyumbani kwa kukosa ada.

Baadaye kiwanda kikataka watu wa zamu ya pili. Jicho akaenda mbio kwa Mrefu.

"Ndugu yangu, darasa linafunguliwa tena. Twende, nitakusaidia kujifunza."

Mrefu alisimama mlangoni. Hakumkaribisha ndani.

"Jioni zile ulizokuwa ukiniaga, ulikuwa unakwenda wapi?"

Jicho akainamisha kichwa.

"Darasani."

"Ungeniambia."

Mlango ukafungwa.

Mrefu alikwenda kujiandikisha peke yake. Akajifunza, akafaulu, watoto wake wakarudi shule. Siku hizi yeye huendesha mashine asubuhi, na Jicho jioni. Wanapopokezana zamu, Mrefu humweleza mashine ilivyoshinda, neno kwa neno, bila kuficha hitilafu yoyote. Kisha hunawa mikono na kuondoka. Salamu hampi.