Sidii ya Rodrick

Kila siku akitoka shule, Digna alipitia ofisini kwa mama yake, jirani na soko la Moshi. Alivua viatu mlangoni ili vumbi lisiingie kwenye kompyuta, akafagia, kisha akapanga karatasi. Kompyuta ilikuwa moja tu, na kwa kompyuta hiyo mama yake, Theodora, aliwachapia watu barua na vijitabu.

Siku moja fundi Athanas alikuja kuikagua.

"Mama Digna, programu yako ya kuzuia virusi imezeeka. Virusi vya siku hizi haivijui. Ulipie toleo jipya."

"Hii haiwezi kunifikisha Krismasi?"

"Labda. Lakini utakuwa unabahatisha."

Mama alianza kupiga hesabu ya pesa. Digna naye alifikiri: mama akilipia programu, hela ya ziara ya shule ya kwenda hifadhi ya Manyara haitapatikana. Kesho yake akaleta sidii yenye programu aliyonakiliwa na Rodrick, mwenzake wa kidato cha kwanza.

"Mama, toleo jipya hili hapa. Nimepewa na mwalimu wetu wa kompyuta."

"Amehakikisha ni zima?"

"Ndiyo, mama."

Mwalimu hakuwa na habari yoyote. Mama aliiweka ile programu, akatoa ada ya ziara, na Digna akaenda kuwaona twiga.

Baada ya wiki tatu, asubuhi moja, mafaili yote yalikuwa yamefutika. Humo zilikuwemo nyimbo themanini za Mama Scola, mwalimu wa kwaya kutoka Machame, zilizochapwa kwa miezi miwili kwa ajili ya jubilei ya usharika wa kanisa lake. Athanas alipekua, akainua ile sidii.

"Virusi vimeingia na hii."

Jioni hiyo Mama Scola alikuja kuchukua kazi yake. Digna alikuwa pembeni, ameshika ufagio.

"Nisamehe, dada," mama alimwambia. "Nimeipoteza kazi yako. Kosa ni langu."

Digna alitamani ardhi ipasuke. Walipofika nyumbani, akashika kisu kumenya ndizi, kisha akakiweka chini.

"Mama, mwalimu hakunipa ile sidii. Ni ya Rodrick. Niliogopa kukosa ziara."

Mama aliketi. Alichukua kile kisu, akamalizia kumenya ndizi.

"Jumamosi tutapanda Machame," alisema mwishowe. "Utamwambia mwenyewe."

Digna alimwamkia Mama Scola shikamoo, akapiga magoti, akaeleza yote huku analia. Mama Scola alimsikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani na kutoka na madaftari yenye nyimbo alizoziandika kwa mkono.

"Zimebaki siku kumi na tano. Mtaweza?"

Walianza siku ileile. Digna alisoma kwa sauti, mama akachapa. Shule zilikuwa zimefungwa, na likizo nzima Digna hakucheza. Athanas aliisafisha kompyuta, na safari hii mama alilipia toleo jipya. Vitabu vya nyimbo vilikamilika Ijumaa, siku mbili kabla ya jubilei.

Wakati wanafunga ofisi, Digna aliuliza, "Mama, bado umenikasirikia?"

"Nilikasirika. Lakini nisikilize, mwanangu. Ningeweza kulipia, au kubaki na ile ya zamani na kuwa mwangalifu. Yote mawili yalikuwa sawa kwangu, kwa sababu ningejua ninachofanya. Uliponidanganya, uliniamulia bila mimi kujua, na aliyeumia ni mtu wa Machame ambaye hata hukumjua. Ukitaka kitu, kiombe. Nikikukatalia utasikitika kwa siku moja, lakini utalala kwa amani."