Kivuli Chekundu Alisema Nini?

Kengele ya mapumziko ilipolia, wengi hawakukimbilia uwanjani. Walikimbilia ngazi za mbele ya maktaba, maana hapo ndipo Redio alipokuwa akirusha matangazo yake.

Redio alikuwa msichana wa darasa la sita, mwembamba kama antena. Jina hilo alilipata kwa sababu alikuwa na sauti kubwa, na hakuna aliyewahi kukiona kitufe chake cha kuzimia. Kila Jumatatu aliisimulia upya filamu iliyoonyeshwa Ijumaa, ingawa wasikilizaji wote walikuwa wameiona kwa macho yao. Ngumi alizirusha mwenyewe. Milipuko aliipiga kwa mashavu, na aliyekaa ngazi ya kwanza alijua kabisa kwamba atarudi darasani na uso uliolowa. Hata hivyo, ngazi ya kwanza iligombewa.

Filamu zenyewe zililetwa na mjomba wake, ambaye mtaani walimwita Maiki. Kazi yake ilikuwa kutafsiri filamu. Alichukua filamu ya lugha ya kigeni, akashika maikrofoni, akawasemea watu wote kwa Kiswahili: shujaa, adui, bibi wa jirani, na mbwa kama yupo. Ijumaa alasiri alifika shuleni na projekta yake, akatundika shuka jeupe ukumbini, na shule nzima ikaketi sakafuni.

Iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ile ya Kivuli Chekundu, sehemu ya tatu. Huyo Kivuli ni shujaa wa joho jekundu anayeruka juu ya maghorofa, anayenyanyua basi kama wewe unavyonyanyua kikombe, na ambaye suruali yake haichaniki hata akipigwa kombora. Mwishoni anarudi mtaani kwao na kuukuta umebomoka, kwa kuwa vita alivyopigana angani viliangukia mapaa ya watu. Anasimama mbele ya mlango wa mama yake, mlango uliobaki bila nyumba, na kusema kwa sauti ya chini: "Nimeuokoa mji mzima, nikausahau mtaa wangu." Redio alipofika hapo, hata wavulana wakubwa walianza kujifuta macho na kulaumu vumbi.

Mambo yaliharibika pale mtoto mmoja wa darasa la nne alipoamua kuruka. Alichukua pazia jekundu la ofisi ya walimu, akalifunga shingoni, akapanda juu ya stoo ya majembe na kujirusha. Kupaa hakupaa. Mkono ulivunjika, pazia likachanika katikati. Tangu siku hiyo wenzake wakamwita Pazia, na yeye akalipokea jina kama mtu aliyepewa nishani.

Mwalimu Mkuu, mama mrefu ambaye miwani yake ilining'inia shingoni kwa kamba, hakuona cha kujivunia. Kwenye mstari wa asubuhi alitangaza kwamba filamu zimesimama. Minong'ono ilipozidi, aliongeza kuwa yeye hakati kesi bila kusikiliza. Ijumaa ingekuwa na mdahalo juu ya filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu: zina faida au hazina? Watetezi wakimridhisha, filamu zitarudi. Wasipomridhisha, kwaya ya shule itapewa ukumbi wa kufanyia mazoezi.

Wanafunzi waliifahamu vizuri kwaya ya shule. Wakajua hali ni mbaya.

Redio alichaguliwa kutetea kabla hata hajainua mkono. Mwenzake alikuwa Polepole, msichana aliyefikiri kwanza kisha akasema, na wakati mwingine akafikiri tena kabla ya kumaliza. Kuongoza wapinzani alichaguliwa Rula. Huyo alikaa wima, alitembea wima, na hakuwa na mazoea ya kusema jambo asilolijua, tabia ambayo Redio aliiona kama ugonjwa.

Walipoanza kujiandaa, Polepole alipendekeza wayakubali mapema makosa ya filamu hizo. Aliuliza kwa nini mji ukianguka hatumwoni mtu hata mmoja akifagia. Kwa nini aliyekufa sehemu ya pili anarudi sehemu ya tatu akiwa amenyoa nywele vizuri, hata mtu anaona aibu kwamba alimlilia. Redio alimjibu kuwa wamepewa kazi ya kutetea, si kusaidia wapinzani, na hayo ya kufagia ayaache nyumbani.

Baada ya masomo walipita kwa Mjomba Maiki. Chumba chake kilikuwa nyuma ya duka la vifaa vya umeme, kidogo, kuta zote zimefunikwa magodoro ya zamani ili sauti isirudi. Akirekodi alizima feni, maana maikrofoni iliisikia, kwa hiyo walimkuta amevaa fulana, taulo shingoni, jasho likimtiririka. Kwenye kioo cha runinga mume na mke walikuwa wamekumbatiana bila kusema lolote. Mjomba akawapa mazungumzo marefu kuhusu kusameheana, kisha akamfanya mke aulize kama mume amelipa nauli.

Alipomaliza, Polepole aliuliza kama wale watu walisema hayo kweli.

"Hawakusema kitu, mwanangu," Mjomba alijibu, akijipangusa. "Lakini watazamaji wangu wakisikia kimya wanadhani spika imekufa. Wanagonga ukuta."

Akawauliza kama wangependa awawekee ile ya Kivuli Chekundu, ya asili, bila yeye ndani yake. Angewaeleza palipo pagumu. Polepole alishaanza kutafuta pa kukaa.

"Ya nini, Mjomba?" Redio alisema. "Mimi naijua hadi pale unapokohoa."

Mjomba alicheka, na Redio akamvuta Polepole mkono, wakaondoka.

Ijumaa ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mwalimu Mkuu alikaa mezani kama mwenyekiti. Mjomba Maiki alikuja kumsikiliza mpwa wake, akaketi nyuma kabisa karibu na swichi za umeme, kofia kichwani.

Redio alianza kwa kishindo. Alisema filamu hizi zinafundisha ushujaa, kwamba mwenye nguvu amlinde asiye nazo, kwamba ukianguka unainuka. Alirusha ngumi tatu hewani, moja ikakaribia kumpata Polepole. Alipoufikia mlango wa mama yake Kivuli, alishusha sauti na kuyasema yale maneno, na ukumbi mzima ukayasema pamoja naye. Makofi yalipigwa mpaka vumbi likashuka kutoka darini. Filamu ya namna hiyo, aliuliza, inawezaje kuitwa ya kipuuzi?

Rula alisimama, wima. Alikubali kwamba milipuko inapendeza na kuruka kunavutia. Kilichomkatisha tamaa ni kwamba kila ukitaka kulia, mtu anatia mzaha, na kila ukidhani hadithi imekwisha, unaambiwa usubiri sehemu nyingine. Kisha akamgeukia Redio.

"Nimeitazama filamu hiyo nyumbani, ile ya asili, pamoja na dada yangu anayeijua lugha yake," alisema. "Pale mlangoni Kivuli Chekundu hasemi neno. Anasimama tu. Halafu rafiki yake anamwita, naye anasema, 'Twende, tumechelewa.' Basi. Anaruka kwenda sehemu ya nne."

Ukumbi ukacheka. Redio alizoea kuchekwa kwa vichekesho vyake. Hiki kilikuwa kicheko cha namna nyingine. Alikikumbuka chumba cha magodoro, akakumbuka yule mke na nauli yake, na papo hapo akajua Rula amesema kweli.

Vichwa vyote viligeuka nyuma. Mjomba Maiki aliinuka taratibu, akarekebisha kofia, akasafisha koo. Redio alilijua koo hilo. Ndilo alilolisafisha kila mara kabla ya kumsemea shujaa. Mjomba alikuwa tayari kueleza kwamba nakala ya kina Rula imekatwa baadhi ya vipande, na kwa sauti ile hata viti vingeamini. Alichosubiri ni mpwa wake atikise kichwa kidogo tu kumkubalia.

"Atakuokoa," Polepole alinong'ona. Akafikiri. "Halafu Rula ataitwa mwongo."

Redio alimtazama Rula. Alikuwa bado amesimama wima, peke yake. Alijua hakuna wa kumtolea ushahidi. Redio akamtazama mjomba wake na kutikisa kichwa, kulia na kushoto. Mjomba akaketi.

Zamu ya kujibu ilipofika, Redio alizungumza kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia, kwa sababu ilikuwa ndogo.

"Mheshimiwa mwenyekiti, Rula amesema kweli. Maneno yale si ya Kivuli Chekundu, ni ya mjomba wangu. Nilikaribishwa nikaitazame ile ya asili nikakataa, nikidhani ninaijua. Aliyetaka kuitazama ni mwenzangu huyu."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu Mkuu aliivaa miwani yake. "Endelea," alisema.

Hotuba yote ya Redio ilikuwa imeegemea ule mlango. Alichobaki nacho ni yale aliyomwambia Polepole ayaache nyumbani, basi akayachukua hayo, na akasema wazi ni ya nani. Alikubali kwamba filamu hizi zinaangusha mji bila kutuonyesha mtu mwenye ufagio. Alikubali kwamba wafu wake hawakai makaburini. Akasema Kivuli Chekundu anaruka vizuri sana, lakini hatuonyeshwi hata siku moja akitua na magoti yakimuuma, na ndiyo maana mtoto wa darasa la nne alidhani kutua ni jambo dogo.

"Si dogo," Pazia alisema kutoka mstari wa mbele, akiinua mkono wake uliofungwa plasta ngumu. Ukumbi ukacheka, na safari hii Redio alicheka nao. Sauti yake ikaanza kurudi.

"Lakini tulilia," alisema. "Wote tulilia, hata waliosingizia vumbi. Hatukulilia makombora. Tulililia sentensi moja ambayo haikuwemo. Filamu iliacha pengo pale mlangoni, mjomba wangu akalijaza, na sisi tukajua mara moja kwamba hivyo ndivyo shujaa alivyopaswa kusema. Basi tunajua kutofautisha, mama. Ila hakuna anayetuuliza. Filamu ikiisha tunakimbilia mlango. Zirudishe, halafu zikiisha taa iwashwe, tuulizwe: amekosea wapi? Nani ameumia? Nani atafagia? Ukizifunga tutazitazama vichochoroni, na huko hakuna atakayetuuliza chochote."

Aliketi. Wa kwanza kupiga makofi alikuwa Rula, wa pili Mjomba Maiki, na baada ya hapo haikuwezekana kuhesabu. Pazia alikosa mkono wa pili wa kupigia, akapiga paja.

Mwalimu Mkuu alisubiri mpaka kimya kikarudi chenyewe. Alisema kwamba katika duru ya kwanza Rula ameshinda wazi, maana yeye ndiye aliyekwenda kuhakikisha. "Katika duru ya pili," aliongeza, "aliyeshindwa ni mimi." Filamu zingerudi, kila moja ikifuatwa na majadiliano, na wa kuyaongoza wangekuwa Redio, Rula na Polepole kwa pamoja. Kisha akauliza nini hatima ya pazia lake. Mjomba Maiki aliinuka na kuahidi kushona jipya, la rangi yoyote isipokuwa nyekundu.

Kabla hajawaruhusu, Mwalimu Mkuu aliivua miwani.

"Watoto wangu, mmeona wenyewe. Redio aliposema kwa sauti kubwa jambo ambalo hakulihakikisha, lilianguka kwa swali moja. Aliposema kwa sauti ndogo kwamba amekosea, ndipo nilipoanza kumsikiliza, kwa sababu nilijua na yale mengine atakayosema ni ya kweli. Kabla hujalisimulia jambo, nenda ukalitazame. Ukikosea, sema umekosea. Halafu usikae chini ukalia. Endelea na kazi."

Ijumaa iliyofuata Kivuli Chekundu alirudi ukumbini. Safari hii Mjomba Maiki hakuleta sauti iliyorekodiwa; aliwasemea wote papo hapo, mbwa hakuachwa. Joho liliruka, basi likanyanyuliwa, maghorofa yakaporomoka, na hatimaye shujaa akasimama mbele ya ule mlango. Mjomba akaiweka maikrofoni mezani, makusudi kabisa, akakunja mikono.

Kimya kikaenea. Mtu mmoja nyuma aliinua ngumi agonge ukuta. Hakuwahi, kwa maana ukumbi wote ulifungua kinywa kwa pamoja na kumsemea Kivuli Chekundu maneno yake, sauti mia zikiwa sauti moja, na iliyotangulia zote, iliyonyooka kama mwenyewe, ilikuwa ya Rula.

Filamu ilipoisha hakuna aliyekimbilia mlango. Mwalimu Mkuu aliwasha taa.

"Haya," alisema. "Nani atafagia?"

Mikono ikainuka ukumbi mzima, mmojawapo ukiwa na plasta.