Injini Kubwa ya Panzi

Kila siku alipotoka shule, Ikupa alipita sokoni kuchukua kapu la mama yake, akateremka nalo hadi kwao, mtaa wa Bagamoyo mjini Tukuyu, akala kande zilizobaki mchana, kisha akavua sare na kuvaa ovaroli kuukuu la baba yake, akalikunja miguuni. Baba yake, Mzee Meshaki, alikuwa fundi wa pikipiki. Karakana yake ilikuwa kibanda cha mabati kando ya barabara iteremkayo kuelekea Kawetele. Mvua ya Tukuyu haibishi hodi, kwa hiyo spana zilipakwa grisi na kufunikwa kwa gunia zisipate kutu. Ikupa ndiye aliyezisafisha. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na masikio yake yalikwishajua kutofautisha injini yenye njaa ya mafuta na injini yenye plagi chafu.

Pikipiki moja pale haikuwa ya mteja. Ilikuwa ndogo, ya zamani, yenye magurudumu kama ya toroli. Mtu mzima akiikalia, magoti yalimfika kifuani. Meneja mmoja wa shamba la chai alimwachia Meshaki alipokuwa akirudi kwao Ulaya, kabla Ikupa hajazaliwa. Kwa jinsi ilivyorukaruka juu ya mawe, watu waliiita Panzi. Ikupa aliruhusiwa kuiendesha uwanjani tu, baba yake akiwapo.

Hiyo ilikuwa miaka ya mwanzo ya ruksa, biashara huria iliporuhusiwa. Maduka yaliyozoea kuuza chumvi na viberiti yalijaa redio, mitumba na baiskeli. Jirani yao, Mzee Ambindwile, alitajirika upesi kwa kuleta bidhaa kutoka Tunduma. Mwanawe Ackson, aliyekuwa darasa la saba, alianza kutembea kana kwamba barabara ni ya baba yake.

Siku moja Ackson alimwomba Ikupa amwachie aijaribu Panzi uwanjani. Meshaki aliwaruhusu wote wawili, akawaonya wasitoke nje ya uwanja, akarudi kwenye kazi yake. Ackson alipoushika tu usukani, alitoka mbio hadi mtoni. Alipoishiwa petroli, akaomba mafuta ya taa kwenye nyumba moja, akayamimina kwenye tangi, akaipandisha mlimani kwa nguvu mpaka injini ikakwama. Aliirudisha ikisukumwa na watoto, ikitoa moshi.

Meshaki hakumpiga wala hakumtukana. Alikwenda kwa Mzee Ambindwile kueleza yaliyotokea. Lakini Ackson, kwa kuogopa fimbo, alikuwa amekwisha kutunga hadithi.

"Injini ilikuwa mbovu tangu zamani," alimwambia baba yake mbele ya Meshaki. "Watu wote wanajua. Mzee Meshaki huharibu pikipiki za watu makusudi, akachukua vipuri vizima na kuwawekea vibovu, ili warudi tena kwake."

Maneno hayana miguu, lakini hufika mbali. Kabla ya mwezi kwisha, mwinjilisti alikuja kuichukua pikipiki yake, akasema ameamua kuipeleka kwa fundi mwingine. Walimu wakafuata. Meshaki alikaa mlangoni mwa kibanda akiwatazama wateja wake wa zamani wakipita bila kusimama. Na shuleni, Ikupa alipoinua mkono kujibu swali, Ackson alipenyeza kichwa dirishani akanong'ona, "Vipuri." Darasa zima likacheka.

Tangu siku hiyo Ikupa hakula kwa raha. Akimenya ndizi, alimwona Ackson. Akikaza nati, aliikaza kana kwamba ni shingo ya Ackson. Kumsemea kwa mwalimu hakukumtosha, wala kupigana naye. Alitaka watu wote wamwone amelala matopeni, analia, nao wacheke kama walivyocheka darasani.

Njia aliiona nyuma ya kibanda. Palikuwa na mabaki ya pikipiki kubwa iliyotumbukia Mto Kiwira, ambayo mwenyewe aliisusa. Fremu ilikuwa imepinda, lakini injini ilikuwa nzima, na kubwa zaidi ya mara mbili ya ile ya Panzi.

"Baba," alisema jioni moja, "kwa nini tusimfufue Panzi kwa injini ile?"

Meshaki alimtazama, na kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi akatabasamu. Mikono yake ilikuwa imechoka kukaa bure.

Wakaianza kazi. Walikata kwa msumeno vishikio vya injini ya zamani, wakachomelea vipya kwa vipande vya chuma cha fremu iliyopinda. Injini ilikuwa pana, ikabidi wasogeze gia ya meno ya gurudumu la nyuma ili cheni ikae mstari mmoja. Ikupa aliosha kabureta, akashika taa, akapima kwa uzi, akaungua vidole. Baba yake aliamini kwamba binti anaipenda kazi. Ikupa aliipenda kweli, lakini kila boliti iliyoingia ilimsogeza karibu na kisasi chake kwa Ackson.

Siku injini ilipowaka, mlio wake ulitikisa mabati. Meshaki aliizima upesi.

"Hapa bado," alisema. "Hiki chombo sasa kina nguvu ya ng'ombe dume, na breki zake ni za mbuzi. Asikipande mtu yeyote, hata mimi, mpaka nipate gurudumu na breki za kulingana nacho. Umenisikia, mwanangu?"

"Nimesikia, baba," Ikupa alijibu. Naam, alikuwa amesikia vizuri sana.

Jumamosi iliyofuata wazazi wake walikwenda msibani Lupepo. Ikupa akaitoa Panzi barabarani. Alichukua spana ndogo, akailegeza nati ya breki ya nyuma mpaka ikabaki kwenye uzi wa mwisho. Breki ya mbele hata hakuigusa, maana alijua haiwezi kitu. Alihisi utamu mdomoni, kama aliyelamba asali.

Alipomwona Ackson akija na wenzake, aliiwasha injini, akaivumisha. Wote wakasimama.

"Imefufuka?" Ackson aliuliza.

"Imefufuka, ila si ya watoto wa kuchezea," Ikupa alisema kwa dharau. "Naenda kuchota maji. Asiiguse mtu."

Alichukua ndoo, akaenda, akajificha nyuma ya migomba. Alimjua Ackson: ukimkataza jambo, umemtuma. Hakusubiri sana. Injini ikanguruma, na Panzi akaruka barabarani akielekea mteremkoni, Ackson amemkalia, shati limejaa upepo. Ikupa akatoka mafichoni akicheka peke yake. Nenda, alisema moyoni. Nenda ukaonje.

Ndipo alipotazama mbele zaidi. Kutoka Kawetele walikuwa wakipanda akina mama wa sokoni, wamejitwika mikungu ya ndizi, wametanda barabara nzima. Mbele yao alikuwa Bibi Anyosisye, ambaye masikio yake hayakusikia tena vizuri. Katika kisasi chake chote, Ikupa hakuwahi kufikiri kwamba barabara ina watu wengine.

Kicheko kikamkauka. Alitupa ndoo, akakimbia akiita, lakini sauti ya injini ilimeza sauti yake. Alimwona Ackson akikanyaga breki, akikanyaga tena, akitazama chini kwa mshangao. Akina mama wakatawanyika. Bibi Anyosisye alisimama palepale, mkungu kichwani. Zilipobaki hatua chache, Ackson akaukata usukani kwa nguvu zake zote, akaruka mtaro, akaingia shambani na kuangukia jiwe kwa bega.

Watu walimbeba hadi hospitalini, mkono umevunjika mahali pawili na uso umechubuka. Bibi Anyosisye alishika kifua, akawa anarudia, "Ndaga, ndaga, mwanangu," akimshukuru mtoto aliyechagua jiwe badala yake.

Wazazi waliporudi kutoka msibani, habari ilikuwa imewatangulia. Na habari yenyewe ilikuwa tamu kuliko Ikupa alivyoota. Akiwa kitandani, Ackson alikuwa amemwambia baba yake kila kitu, mafuta ya taa ya siku ile na uongo wa vipuri. "Na leo nimeiba," alisema. "Ikupa alinikataza. Kosa ni langu." Mzee Ambindwile akaona aibu, akaanza kupita nyumba kwa nyumba kulisafisha jina la Meshaki. Mtaa mzima ulimwita Ackson mwizi na mwongo. Ikupa alikuwa amelipiziwa kisasi mara mbili. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu.

Kesho yake alimkuta baba yake amechuchumaa kando ya Panzi, ameishika fimbo ya breki kiganjani. Nati haikuwapo.

"Nilisahau kuikaza," Meshaki alisema polepole. "Mikono hii imeanza kunisaliti. Leo nitamwomba radhi Ambindwile, kisha nitaifunga karakana. Fundi anayesahau breki hastahili kushika chombo cha mtu."

 Ikupa alitazama vile vidole vilivyomfundisha kushika spana. Kama angenyamaza, Ackson angebaki mwizi, na baba yake angebaki mtu aliyevunja mkono wa mtoto.

"Hukusahau, baba," alisema. "Niliilegeza mimi. Nilitaka aanguke."

Mvua ilianza kupiga mabati. Meshaki alisimama, akachukua mwavuli.

"Twende hospitali," alisema.

Walimkuta Ackson amefungwa plasta hadi begani, na baba yake ameketi karibu naye. Ikupa alisema yote, hakupunguza neno. Mzee Ambindwile alisimama kwa hasira, akamnyooshea kidole Meshaki, kisha akaketi tena. Ackson aligeukia ukutani.

"Nilikanyaga breki," alisema kwa sauti ndogo. "Nilidhani nimesahau ilipo. Nilidhani nitamuua yule bibi."

"Nisamehe," Ikupa alisema.

"Sijui," Ackson alijibu. "Njoo kesho."

Alikwenda kesho yake na siku zilizofuata. Plasta ilipokuwa bado mkononi mwa Ackson, Ikupa ndiye aliyekata majani ya ng'ombe wao na kumnakilia masomo. Hawakuwa marafiki mara moja. Majuma ya kwanza waliongea kuhusu ng'ombe tu. Baadaye Ackson akamwuliza jinsi walivyoisogeza cheni, na Ikupa akamchorea kwa kijiti ardhini.

Mzee Ambindwile aliipeleka pikipiki yake mwenyewe kwa Meshaki, mchana kweupe, watu wakiona. Mwinjilisti naye akarudi. Meshaki aliing'oa injini kubwa kutoka kwa Panzi, na Ikupa akaelekezwa kufungua boliti zote alizozifunga.

Walipoiweka chini, baba yake alifuta mikono, akamketisha kwenye benchi.

"Mwanangu, nilipochafuliwa jina niliumia kama wewe," alisema. "Lakini nilijua uongo hauishi milele, maana kila mteja aliyewahi kuja hapa alikuwa ushahidi wangu. Ackson alisema kwamba katika karakana hii tunaharibu vyombo vya watu makusudi. Lilikuwa jambo la uongo, mpaka Jumamosi ile. Wewe ndiye uliyelifanya kuwa kweli. Hivyo ndivyo kisasi kinavyofanya: unataka kumwonyesha adui ubaya wake, kumbe unaukamilisha wewe. Ukidhulumiwa, sema ukweli mbele ya watu wazima na ushikilie hapo, hata ukichelewa. Na ukikosa, sema vilevile, kama ulivyosema kwangu. Sababu hiyo ndiyo iliyonifanya nisiufunge mlango huu."

Kisha akamkabidhi spana, akamwonyesha pikipiki ya Mzee Ambindwile.

"Anza na breki," alisema. "Ukimaliza, nitakagua."