Sauti Iliyoniambia Nivuke Korongo

"Vuka tu, korongo ni kavu!"

Hiyo ni sauti ya mume wangu, kwenye redio ya gari.

Dakika mbili baadaye maji yalikuwa yameshafika kwenye viti...

Nikajikuta juu ya paa la gari, nimemng'ang'ania bibi mmoja mtalii, mumewe anaita jina lake. Juu jua kali, hata wingu hakuna! Gari likaanza kusogea lenyewe, taratibu tu.

Tulitolewa kwa kamba. Bibi wa watu alivunjika mkono. Mimi sikulia. Nilimuuliza mwokoaji kama ameiona kofia yangu, basi.

Sasa niwaeleweshe, maana najua mtauliza.

Wakati huo nilikuwa dereva wa watalii kwenye kambi moja ya nyikani. Huku ni tambarare, majani na migunga hadi macho yachoke. Kiangazi korongo linakuwa mchanga mtupu, nyumbu wanavuka, na sisi tunavuka tukiwafuata. Lakini mvua ikinyesha mlimani usiku, maji yanatufikia kesho yake mchana, wakati kwetu halijaanguka hata tone.

Ndiyo maana mlimani anakaa mtu wa kusoma kipima mvua. Kila siku saa tatu asubuhi ofisi inampigia redio, anataja kipimo kwa milimita. Ofisi ndiyo inayosema vukeni au msivuke.

Mtu wa mlimani ni baba yangu mzazi. Mtu wa ofisini alikuwa mume wangu.

Jioni ile mume wangu hakuja hospitali. Alichukua gari akapanda mlimani! Mume gani huyo, jamani?

Kesho yake meneja akatuweka kikao.

"Mlimani walisema kipimo gani?"

"Sikuwapigia," mume wangu akajibu.

"Hukuwapigia?!"

"Nilikisia tu. Kosa ni langu."

Hakunitazama hata mara moja. Dada wa mapokezi akaninong'oneza, "Shoga, huyo alitaka kukumaliza. Ana mtu."

Na mimi nikaamini. Kiukweli, ilikuwa rahisi kuamini.

Nilisaini karatasi kwamba alifanya makusudi. Akafukuzwa kazi, na leseni ya kuongoza watalii akanyang'anywa. Nyumbani nikamwekea begi mlangoni.

"Huna la kusema?" nikamuuliza.

"Nenda kamwone baba yako," akasema.

"Usimtaje baba yangu kwa mdomo huo! Toka!"

Akatoka.

Miezi mitano ikapita. Kula nakula, kulala nalala. Kuendesha ndiyo nilishindwa, nikiona mchanga tu nageuza gari. Meneja akanipa kiti cha mume wangu, pale kwenye redio. Kila asubuhi Baba anataja kipimo, naandika, namuuliza hali, anasema mzima. Vipimo vyake vilikuwa sawasawa, maji yalikuja siku tulizoyategemea. Kupanda kwenda kumwona... nilikuwa sijapanda tangu mwaka jana. Kazi nyingi, nilijiambia.

Wiki iliyopita, saa tatu kamili:

"Ofisi, hapa mlimani. Leo sifuri."

Nyuma ya sauti yake mvua ilikuwa inapiga bati mpaka redio inakoroma!

"Baba, si mvua hiyo naisikia?"

"Mvua gani? Mama yako katoka kuanika nguo sasa hivi."

Mama alifariki miaka sita iliyopita.

Kalamu ikabaki mkononi.

Halafu nikasikia mtu anaongea pembeni yake, polepole, kama anayembembeleza mtoto.

"Baba, sema arobaini na mbili. Nimesoma mwenyewe."

Alikuwa mume wangu!

"Arobaini na mbili," Baba akasema.

"Baba... huyo ni nani?"

"Kijana mmoja hivi, mpole sana. Ananipikia, ananisomea kipimo. Anasema mkewe alimfukuza. Sasa mwanamke gani huyo, mwanangu?"

Nikashika redio ya magari.

"Magari yote, msivuke korongo. Narudia, msivuke."

Kisha nikarudi kwenye redio ya mlimani. "Baba, mpe huyo kijana redio niongee naye."

Nikawasikia wakinong'onezana, kisha Baba akarudi redioni.

"Anasema kipimo umeshapewa."

Hapo ndipo nilipoelewa. Siku ile alimpigia Baba vizuri tu, akaambiwa sifuri, akaniambia nivuke. Jioni akapanda akakuta kipima mvua kimejaa hadi juu, na Baba hakumbuki chochote. Akaona bora aitwe muuaji yeye, kuliko mimi nijue ni baba yangu aliyenipeleka majini.

Nimemweleza meneja kila kitu. Barua ya kumstaafisha Baba nimeiandika mwenyewe. Nikaomba nirudishiwe ile karatasi niliyosaini, nikaambiwa ilishapelekwa mbele, kwa waliomnyang'anya leseni.

Ndugu zangu, mzazi usimjulie hali kwa redio au simu tu. Mwendee, umtazame usoni, umuulize leo ni siku gani. Na mtu akikaa kimya anapotukanwa, usikimbilie kusema ana hatia. Huenda kuna mtu amemficha nyuma yake.

Jana nilipanda. Baba alinikaribisha vizuri sana, akanipa kiti, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani.

Mume wangu alikuwa jikoni. Alinijibu salamu, akaendelea kumenya viazi.