Jogoo wa Noeli Aliyechinjwa na Baba

"Ukifungua mdomo, leo utanijua mimi ni nani."

Baba alisema hivyo kashika kisu, damu mpaka kwenye kiwiko. Miguuni pake jogoo wetu wa Noeli alikuwa bado anarusharusha mabawa...

Nilikuwa na miaka minane.

Nyie mnaoposti kila Desemba mila za kufurahia Krismasi na watoto, leo na mimi Helena naleta ya kwetu. Msije inbox kunituliza.

Ilikuwa 1974, mwaka wa kuhamishwa. Tulitolewa Rondo tukaletwa kijiji kipya cha ujamaa, upande wa Kilangala. Vibanda vya nyasi, mstari mmoja, na majirani karibu wote Waislamu.

Mila yetu tangu Rondo ilikuwa hivi. Watoto tunafuga jogoo tangu kifaranga. Asubuhi ya Noeli tunampeleka kwa jirani Mwislamu amchinje, maana akichinja Mkristo wao hawali. Mama anapika pilau, halafu sisi tunabeba sahani nyumba kwa nyumba huku tunaimba. Idd ikifika, na wao wanatuletea.

Raha yake ilishinda hata nguo mpya.

Mwaka ule, wa kuchinja alikuwa Mzee Abilahi, nyumba ya pili kutoka kwetu. Ndiye aliyetupa mihogo wiki ya kwanza, hatuna hata chungu.

Sasa baba mdogo Sipriani akaja kula sikukuu. Akamcheka kaka yake.

"Mwanaume mzima, kuku wako mwenyewe mpaka ukaombe kuchinjiwa?"

Basi, baba kichwa kikamvimba. Akachinja mwenyewe.

Ingeishia hapo ningenyamaza. Sikieni alichoniambia pilau ilipoiva.

"Peleka kwa Abilahi kama kawaida. Akiuliza, sema kachinja mpwa wake Bakary."

"Lakini baba..."

"Sijakuuliza."

Nikamwangalia mama. Mama yangu Magdalena, mwanamke wa rozari kila jioni... akainamia sufuria akaendelea kupakua.

Baba aliniudhi. Mama ndiye aliyenimaliza!

Nikaenda na sahani yangu, imefunikwa kawa. Mzee Abilahi alikuwa barazani, kavaa kanzu safi, kisu kakinoa kakiweka pembeni.

Alikuwa ananisubiri nimletee jogoo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, Helena. Mbona chakula kimefika, jogoo sijamwona?"

Nikakumbuka damu ile mkononi mwa baba. Nikamwangalia mzee na kanzu yake. Nikashindwa.

"Babu, usile. Kachinja baba."

Hakupaza sauti. Akaipokea sahani, akaiweka mkekani bila kuifunua.

"Kaa hapa. Namwita baba yako."

Nikajua leo nimekwisha.

Baba akaja anatabasamu. Nyie, lile tabasamu!

"Xaveri, jogoo kachinja nani?"

"Bakary, mzee wangu. Sikutaka kukusumbua, nikampitia kwake alfajiri."

"Mtoto anasema wewe."

"Huyu? Huyu mwongo tangu ajue kusema. Naapa kwa Mungu, kachinja Bakary."

Mwongo... mimi! Siku ya Noeli, kinywa cha baba yangu mzazi.

Mzee akageukia ndani.

"Bakary, umesikia?"

Akatoka Bakary, kajifunika shuka, anajikokota ukutani. Homa ilikuwa imemlaza kwa mjomba wake huyo tangu juzi. Baba hakuwa na habari.

Alitafuta pa kutazama, akakosa.

"Ungesema umekosea, tungekula wali mtupu tukacheka," Mzee Abilahi akasema. "Wewe umetaka kunilisha huku unajua. Tena umemtuma mtoto."

Sahani ikarudi kwetu na kawa lake. Habari ikaenea kabla ya adhuhuri, na hakuna nyumba iliyopokea chakula chetu. Rafiki zangu walikuja mpaka uwanjani, mama zao wakawaita.

Baba alinichapa mpaka fimbo ikakatika. Mama akasema nina mdomo mrefu.

Mwaka mzima nikajulikana nyumbani kama mtoto aliyemwaibisha baba yake. Mwaka mzima! Nikaanza kuamini kweli nilikosea.

Desemba iliyofuata, Mzee Abilahi akaja mwenyewe.

"Xaveri, mna jogoo?"

"Tunaye, mzee."

"Basi aniletee Helena. Akimleta Helena nachinja na nakula. Akimleta mwingine, hata mchuzi nyumba yangu haiuonji."

Aliyasema mbele ya baba na mama. Na majirani wengine wakashika hilohilo. Sahani ya kwetu ilipofika mlangoni waliuliza kwanza, "Helena yupo?" Baba, mwanaume mzima, akawa anamngoja binti yake wa miaka tisa ndipo aaminike.

Wazazi, nunueni taa, nunueni kofia nyekundu, wafurahisheni wanenu. Ila msimbebeshe mtoto uongo wenu halafu mkamwita mwongo. Mtoto hasahau, na uzee haumsahaulishi.

Baba alikufa 2003 hajaniomba radhi. Niliosha vyombo vya msiba wake huku nimekasirika, na bado nimekasirika.

Kila Noeli hapa Mitwero mjukuu wangu anampakata jogoo, anakwenda kwa jirani. Ananiuliza, "Bibi, nikifika nisemeje?"

Namjibu, "Wewe nenda tu. Utakachoulizwa, sema ulichokiona."