Jina Aliloliacha Kinamasini

Jua lilikuwa linazama Fibi alipovuka mtaro wa shamba la mpunga, kapu la mayai kichwani. Yeyote angemdhania mtumwa aliyetumwa jikoni. Ndivyo alivyotaka adhaniwe. Mwaka uliopita alikuwa mtumwa kweli, katika shamba hilohilo la Karolina, kusini mwa Marekani. Sasa alikuwa mtu huru, jasusi wa jeshi la Kaskazini lililopigana na mabwana wa watumwa. Alfajiri meli ya jeshi ingepanda mto kuwachukua watumwa, mama yake mzazi akiwa miongoni mwao. Lakini mabwana walikuwa wamezamisha mtoni mapipa ya baruti ya kulipua meli. Aliyejua yalipo ni mzee Kwako, mpiga kasia aliyelazimishwa kuyazamisha. Walikuwa wameahidiana kukutana kwenye kibanda cha kupetea mpunga.

Kwako hakuwapo.

Sha... sha... sha...

Bikizee alikuwa ameketi mlangoni, akipeta. Fibi alizaliwa hapo na alimjua kila mtu, lakini huyu hakumjua. Harufu ya tope la chini kabisa, lile lisiloona jua, ilimjaa puani.

"Umechelewa, mjukuu. Mayai yataanguliwa hukohuko kichwani."

"Nampelekea mpishi, Bibi. Nimepotea njia."

"Mpishi! Toka lini jiko likawa kinamasini? Keti. Kwako hawezi kuja."

Fibi hakuketi. Mabwana walikuwa na masikio yao miongoni mwa watumwa, na wapo waliouza wenzao kwa kipande cha nyama. Akautazama ungo. Sha... sha... Makapi hayakuanguka.

Ungo ulikuwa mtupu.

"Mapipa unayoyatafuta nayajua," bikizee alinong'ona. "Hunigonga nikilala."

Miguu ilitaka kukimbia. Mama yake akamjia machoni.

"Unataka nini, Bibi?"

"Jina lako la kapuni."

Jina hilo mama humpa mtoto angali akilazwa kapuni kando ya shamba. Bwana halijui, wala halitamkwi mbele ya mgeni jua likishazama. Fibi ni jina alilopewa na bwana. Lile jingine ndilo kitu pekee alichokuwa nacho ambacho hakikupata kuuzwa.

"Na ukinidanganya?"

"Jasusi ni wewe, mjukuu. Mimi uongo wa nini?"

Akainama. Akalinong'ona.

Ungo ukanyamaza.

"Shikeni ukingo wa mashariki," bikizee akasema, "mpaka mti uliopigwa na radi. Hapo ndipo mwingie katikati ya mto."

Alfajiri Fibi alisimama melini kando ya nahodha, akiamini kwamba amewauza wote. Meli ikaambaa na ukingo. Ikaufikia mti. Ikaingia katikati...

Kimya. Ikapita.

Watu wakatiririka kutoka mashambani, vyungu vya wali vikifuka moshi vichwani, watoto migongoni. Mzee Kwako alipandishwa wa kwanza, mikono imechubuliwa na kamba.

"Mzee, yule bibi uliyemtuma ni nani?"

"Bibi gani? Nilifungwa ghalani, mwanangu. Sikumtuma mtu. Na kwenye kibanda kile hatupeti tena, tangu mpetaji wake azame..." Akautazama mto.

Ukingoni mama yake alikuwa anakuja mbio, mikono juu. Fibi aliiona midomo yake ikiita. Vilio vilimfikia, nyimbo zilimfikia, hata kuku aliwasikia. Neno lile moja, jina lake la kapuni, hakulisikia.

"Mama! Niko huku!"

Mama hakumtazama. Aligeuka upande wa kinamasi, kama mtu aliyeitikiwa.

"Naam, mama," kikasema kitu kule matetani, kwa sauti ya Fibi.

Na mama akatabasamu, akaiacha njia ya meli, akaanza kuifuata sauti ile.